Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Szabadság, szerelem, filamu ya wacheza polo na maasi ya Hungaria ya 1956

Filamu hii ina kawaida ya kuacha mjadala sebuleni ikishaisha. Hivi yule kijana alikuwepo kweli? Mbona watu wanapigana ngumi ndani ya bwawa la kuogelea? Na Hungaria ilikuwa na ugomvi gani na Urusi? Kila jibu hapa chini linajitegemea, hivyo ruka hadi lile unalolitaka. Kama hujaiona bado, usisome swali la 12, maana linataja mwisho.

## Mambo ya mwanzo

1. Filamu inahusu nini?

Inahusu timu ya taifa ya Hungaria ya polo ya majini, iliyokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956 wakati nchi yao ilipolipuka. Mhusika mkuu ni Karcsi Szabó (ameigizwa na Iván Fenyő), nyota wa timu, kijana anayejua kwamba anapendwa na asiyetaka kusikia habari za siasa. Anakutana na Viki Falk (Kata Dobó), mwanafunzi wa chuo aliye mstari wa mbele katika maandamano. Anamfuata msichana, anajikuta kwenye risasi. Tangu hapo anavutwa huku na kule: abaki mtaani na wenzake wenye bunduki, au apande gari la timu aende kutafuta medali.

2. Jina lake ni lipi hasa?

Kwa Kihungaria ni *Szabadság, szerelem*, yaani uhuru na mapenzi, maneno yanayofungua shairi fupi la Sándor Petőfi ambalo Wahungaria wanalijua kwa moyo tangu shuleni. Kimataifa iliuzwa kwa jina la *Children of Glory*. Hilo la pili lisimponze mzazi; tazama swali la 17.

3. Nani waliitengeneza?

Mwongozaji ni Krisztina Goda, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoka kuongoza vichekesho vya mapenzi. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini maneno ya kutongozana yanatiririka vizuri kuliko hotuba za kisiasa.

Mtayarishaji ni Andrew Vajna. Huyu hata kama jina lake hulijui, kazi yake umeiona: alikuwa mmoja wa wasimamizi wakuu wa filamu za Rambo, zile zilizojaza mabanda ya video kuanzia Kariakoo hadi Kisumu. Alizaliwa Budapest mwaka 1944 na alikimbia nchi mwaka 1956 akiwa mtoto wa miaka 12. Hadithi ilianza na Joe Eszterhas, mwandishi mashuhuri wa Hollywood aliyezaliwa Hungaria naye mwaka huohuo wa 1944, kisha waandishi wengine wakaikamilisha. Ilizinduliwa tarehe 23 Oktoba 2006, miaka 50 kamili tangu maasi yaanze.

4. Polo ya majini ni mchezo gani?

Timu mbili za watu saba saba, kipa akiwemo, ndani ya bwawa refu la kina. Unafunga goli kwa kurusha mpira wavuni. Hairuhusiwi kukanyaga chini, na isipokuwa kipa, hairuhusiwi kuushika mpira kwa mikono miwili. Mchezaji anakanyaga maji muda wote huku mtu mwingine kamng'ang'ania mgongoni.

Unachokiona juu ni nusu ya mchezo. Chini kuna mateke, viwiko na kuvutana nguo za kuogelea, na mwamuzi aliyesimama ukingoni anaambulia povu. Mkiwa na ugomvi wenu, hakuna mchezo unaowapa nafasi nzuri zaidi ya kuumaliza kimyakimya.

Hungaria haina bahari, lakini Budapest imejaa chemchemi za maji moto na mabwawa, na hapo ndipo ulikozaliwa ufalme wao. Kabla ya Melbourne walikuwa wameshachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1932, 1936 na 1952. Wasovieti walikwenda Hungaria kujifunza kwao na kufanya mazoezi nao. Kwa hiyo wachezaji wa pande zote mbili walijuana vizuri, hadi tabia.

## Historia iliyo nyuma ya filamu

5. Maasi yalianzaje?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Hungaria ilibaki chini ya himaya ya Stalin. Mátyás Rákosi aliiongoza akitegemea AVH, polisi wa siri waliokamata, kutesa na kufunga watu kwa maelfu. Stalin alikufa mwaka 1953, na Februari 1956 Khrushchev mwenyewe, kiongozi mpya wa Kisovieti, akayakosoa maovu yake. Hofu ikapungua, midomo ikafunguka.

Jumanne tarehe 23 Oktoba 1956 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Budapest waliingia barabarani wakiwa na madai 16. Miongoni mwake: majeshi ya Kisovieti yaondoke, pawe na uchaguzi huru, na Imre Nagy, waziri mkuu wa zamani aliyetaka mageuzi, arudishwe madarakani. Wafanyakazi waliokuwa wakitoka viwandani waliungana nao, na hadi jioni lilikuwa jiji zima. Umati mmoja ulikwenda kwenye sanamu kubwa ya Stalin, wakaikata chini ya magoti na kuivuta hadi ikaanguka. Pale juu zikabaki buti mbili tu. Umati mwingine ulikwenda kwenye jengo la redio kudai yale madai 16 yasomwe hewani, na huko AVH wakafyatua risasi. Watu walitoka nyumbani na mabango, wakarudi na bunduki walizopewa na askari wa jeshi lao wenyewe.

Angalia bendera katika filamu. Zina tundu katikati. Waandamanaji walikata ile nembo ya utawala, nyundo na suke la ngano chini ya nyota nyekundu, wakaacha rangi zao tatu za asili.

6. Yalidumu muda gani, na yaliishaje?

Siku 12 hivi. Katikati yake kuna siku chache ambazo watu waliamini wameshinda: Nagy alikuwa waziri mkuu, mapigano yalisimamishwa tarehe 28 Oktoba, na vifaru vya Kisovieti vikaanza kutoka Budapest. Tarehe 1 Novemba Nagy alitangaza kwamba Hungaria inajitoa kwenye Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi ulioongozwa na Moscow. Alfajiri ya tarehe 4 Novemba vifaru vilirudi, safari hii vingi zaidi, na János Kádár akawekwa kuongoza serikali mpya.

Ngome mojawapo ya wapiganaji ilikuwa kichochoro cha Corvin, na katikati ya kichochoro hicho kuna jumba la sinema. Vijana, wengine wa umri wa sekondari, walijificha kulizunguka. Nyuma yake kulikuwa na pampu ya petroli, na petroli hiyo ndiyo waliyoijaza kwenye chupa walizorushia vifaru vilivyobanwa na wembamba wa barabara. Filamu inaonyesha mapigano ya aina hii kwa ukaribu mno, na hapo mkono wa mtayarishaji wa Rambo unaonekana waziwazi.

Wahungaria wapatao 2,500 na askari wa Kisovieti wapatao 700 waliuawa. Watu kama 200,000 walikimbia nchi, wengi wao kwa miguu hadi Austria. Nagy alijihifadhi katika ubalozi wa Yugoslavia, akaahidiwa usalama, na tarehe 22 Novemba alipotoka akakamatwa. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, Olimpiki ya Melbourne ilikuwa ikifunguliwa. Alinyongwa tarehe 16 Juni 1958, na hakuzikwa kwa heshima hadi tarehe kama hiyo mwaka 1989.

7. Mbona nchi za Magharibi hazikuwasaidia?

Uingereza na Ufaransa zilikuwa na yao: wiki ileile zilikuwa zikiishambulia Misri, pamoja na Israeli, kwa sababu ya mfereji wa Suez. Marekani haikuwa tayari kuingia vitani na dola yenye nyuklia kwa ajili ya Budapest. Kilichowauma Wahungaria zaidi ni kwamba Radio Free Europe, iliyogharamiwa na Marekani, ilikuwa imewatangazia kwa namna iliyowafanya waamini kuwa msaada uko njiani.

## Mechi ya Melbourne

8. Timu ilikuwa wapi wakati Budapest inawaka?

Kambini, milimani juu ya jiji. Walisikia milio ya bunduki na kuona moshi, lakini hawakuruhusiwa kushuka. Baadaye walihamishiwa Chekoslovakia, kisha wakasafirishwa kwa ndege hadi Australia. Waliondoka wakidhani mapinduzi yao yameshinda au yanakaribia kushinda. Walipofika Melbourne ndipo walipopata habari kamili, na aliyewasomea ni mwenzao Miklós Martin, kwa kuwa ndiye aliyejua Kiingereza cha kusoma gazeti. Katika kijiji cha Olimpiki, Wahungaria waliishusha bendera yenye nembo ya kikomunisti na kupandisha ya Hungaria huru.

9. Mechi yenyewe ilikuwaje?

Ilikuwa Hungaria dhidi ya Umoja wa Kisovieti, tarehe 6 Desemba 1956, mwezi mmoja na siku mbili baada ya vifaru kurudi Budapest. Watazamaji wapatao 5,500 walijaa, wengi wao wahamiaji wa Kihungaria waliokuwa wakiishi Australia, wakipiga kelele za "Hajrá magyarok!", yaani "Twende Wahungaria!"

Wahungaria waliingia na mpango wa mambo mawili. Kwanza, walicheza ulinzi wa kanda badala ya mtu kumkaba mtu wake, jambo lililokuwa geni wakati huo. Pili, waliamua kuwatia hasira wapinzani kwa matusi ya Kirusi. Kirusi walikuwa wamelazimishwa kujifunza shuleni. Sasa kikapata kazi. Mtu mwenye hasira anatafuta wa kumpiga na kuusahau mpira, na ndivyo ilivyokuwa. Mateke na ngumi zilianza mapema, na mwamuzi kutoka Sweden alikuwa na kazi ya kutoa wachezaji nje kwa adhabu.

Hungaria ilikuwa mbele 4–0, mawili yakiwa ya Ervin Zádor, kijana wa miaka ya ishirini na kidogo. Dakika za mwisho Zádor alipewa kumkaba Valentin Prokopov. Filimbi ikalia, Zádor akageuka kumtazama mwamuzi ajue kuna nini, na alipogeuka tena mkono wa Prokopov ulikuwa umeshashuka usoni kwake. Alitoka majini damu ikimchuruzika kutoka chini ya jicho hadi kifuani, na hapo ndipo picha iliyozunguka dunia ilipopigwa. Watazamaji walivuka vizuizi wakitukana na kutema mate, polisi wakaingia, na mechi ikasimamishwa kabla ya muda kwisha. Hungaria ilihesabiwa mshindi kwa magoli yaliyokuwepo.

10. Ni kweli maji yaligeuka mekundu?

Hapana. Mechi inajulikana duniani kama ile ya "damu majini", na damu ilikuwepo, lakini ya uso wa mtu mmoja haibadilishi rangi ya bwawa zima. Magazeti yalitia chumvi.

11. Nani alichukua dhahabu?

Hungaria, kwa kuifunga Yugoslavia 2–1 katika mechi ya mwisho. Zádor hakucheza kwa sababu ya jeraha. Alitazama akiwa amevaa nguo za kawaida. Yugoslavia ilipata fedha, Umoja wa Kisovieti ukapata shaba.

## Kweli na kilichotungwa

12. Karcsi na Viki walikuwepo kweli?

Hawakuwepo. Karcsi ana chembe za Zádor na za wenzake, lakini maisha yake yametungwa. Viki naye ametungwa.

Hapa ndipo penye uongo mkubwa wa filamu, na naomba nieleweke: silalamiki. Wachezaji wa kweli hawakupigana mtaani. Walizuiwa mlimani, wakisikiliza. Filamu inamchukua mmoja wao na kumshusha hadi kwenye jengo la redio na vichochoro vya mapigano, kwa sababu filamu ya wanaume kumi na kitu waliokaa kambini wakitazama moshi isingetazamwa na mtu. Ila kwa kufanya hivyo inampa Karcsi kitu ambacho wenzake halisi hawakukipata, yaani nafasi ya kuamua mapema. Wao uamuzi wao ulikuja baadaye (swali la 14), na kwa maoni yangu ulikuwa mgumu kuliko ule wa kwenye filamu, maana haukuwa na muziki nyuma yake.

Kuhusu mwisho: Viki anakamatwa, anakataa kutaja wenzake, ananyongwa, Karcsi akiwa mbali Melbourne. Hapo muda umebanwa. Hukumu za kunyongwa zilishika kasi mwaka 1957, si wakati wa Olimpiki. Lakini jambo lenyewe si la kubuni. Zaidi ya watu 200 walinyongwa kwa sababu ya maasi, na miongoni mwao alikuwemo Ilona Tóth, mwanafunzi wa udaktari, aliyenyongwa Juni 1957. Tumezoea kwamba steringi hafi. Hapa steringi wa kike anakufa.

13. Na ile mechi ya Moscow mwanzoni?

Ina msingi. Mapema mwaka 1956 timu hizi zilicheza Moscow, Wahungaria wakaona wameonewa na mwamuzi, na wachezaji wakapigana. Ugomvi wa Melbourne haukuanzia Melbourne. Mzee Feri, ofisa wa AVH anayemtisha Karcsi kwa sauti ya upole kuliko ya mjomba, ni wa kutungwa, lakini ndiye mhusika aliyeandikwa vizuri kuliko wote.

## Baada ya medali

14. Wachezaji walirudi nyumbani?

Wengine ndiyo, wengine hapana. Karibu nusu ya msafara mzima wa Hungaria hawakurudi, na jarida la Sports Illustrated lilisaidia kuwapeleka wengi Marekani. Fikiria hesabu yake: una dhahabu shingoni, wazazi wako Budapest, barua haziaminiki, na ndege inaondoka.

Zádor alibaki nje. Alikwenda California, na kwa kuwa polo ya majini ya kiwango chake haikuwepo huko, akawa kocha wa kuogelea. Mmoja wa watoto aliowafundisha ni Mark Spitz, aliyekuja kuchukua dhahabu saba katika Olimpiki moja mwaka 1972. Zádor alifariki mwaka 2012.

Dezső Gyarmati, nahodha, alikimbilia Marekani na mkewe Éva Székely, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea wa mwaka 1952, pamoja na binti yao mdogo. Baadaye walirudi Hungaria. Gyarmati alichukua dhahabu nyingine mwaka 1964, na yule binti, Andrea, akapata medali za kuogelea mwaka 1972. Usiwahukumu haraka, si waliobaki, si waliorudi.

Nje ya polo, Ágnes Keleti, aliyezoa dhahabu nne za jimnastiki palepale Melbourne, hakurudi pia. Aliishia Israeli, na alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 103.

15. Puskás naye alihusika?

Si kwenye filamu, ila kisa cha huyu nyota wa soka wa Hungaria ni kilekile. Klabu yake ya Honvéd ilikuwa nje ya nchi kwa ajili ya Kombe la Ulaya dhidi ya Athletic Bilbao wakati maasi yalipozimwa. Ferenc Puskás, Sándor Kocsis na Zoltán Czibor hawakurudi. Timu ya taifa iliyoitandika Uingereza 6–3 Wembley mwaka 1953 ikasambaratika, na Puskás akaja kung'aa upya Real Madrid kuanzia mwaka 1958.

16. Afrika Mashariki ilikuwepo Melbourne?

Ilikuwepo, kwa mara ya kwanza: Kenya na Uganda zilianza Olimpiki mwaka huo, zote zikiwa bado chini ya Uingereza. Nyandika Maiyoro alimaliza wa 7 katika fainali ya mita 5,000. Tazama waliokuwa mbele yake: Vladimir Kuts wa Umoja wa Kisovieti alishinda, Miklós Szabó wa Hungaria akawa wa 4, na László Tábori, Mhungaria mwingine, wa 6. Tábori ni mmoja wa waliokataa kurudi, alihamia Marekani. Kwa hiyo Mkenya huyo alikuwa akimfukuza mtu aliyekuwa anakaribia kuwa mkimbizi.

Kenya nayo ilikuwa katika hali ya hatari. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, siku mbili kabla ya wanafunzi wa Budapest kuandamana. Magazeti ya London yaliyowasifu vijana wa Budapest kama wapigania uhuru hayakuwa na neno hilo kwa watu wa misitu ya Nyandarua.

## Kuitazama

17. Inafaa kutazamwa na watoto?

Wadogo, hapana. Kuna watu wanaopigwa risasi barabarani, mateso ya polisi na kunyongwa, pamoja na mapenzi ya watu wazima. Kwa kijana wa sekondari anayesoma Vita Baridi itamsaidia, ilimradi asome pia swali la 12 asije akaandika kwenye mtihani kwamba Karcsi Szabó alikuwepo.

18. Sijui Kihungaria. Nitaifuata?

Utahitaji nakala yenye maandishi ya tafsiri. Wasovieti wanaongea Kirusi na wengine wote Kihungaria. Matukio ya bwawani na mtaani yanajieleza hata bila sauti, lakini mazungumzo ya Mzee Feri usiyakose. Vitisho vyake vyote vimo kwenye maneno.

19. Nimesikia kuna dokumentari pia. Nianze na ipi?

Ipo, inaitwa *Freedom's Fury*, ya mwaka huohuo wa 2006. Vajna alihusika nayo pia, na msimulizi wake ni Mark Spitz, yule mwanafunzi wa Zádor (swali la 14). Ndani yake wachezaji wa Hungaria na wa Umoja wa Kisovieti, wazee sasa, wanakutana tena Budapest.

Anza na filamu, kisha dokumentari. Ukigeuza mpangilio, utakuwa umeshaisikia sauti ya Zádor mwenyewe akisimulia ile ngumi, na Karcsi atakuwa na kazi kubwa ya kukushawishi.